Uzi Ukirefuka: Kiswahili na Utazamaji wa Bakteria wa Udongo Wakiwa Hai

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza ukuaji wa bakteria wanaojenga nyuzi, hususan jamii ya Streptomyces, kama unavyoonekana katika hadubini wakati bakteria hao wakiwa hai. Hoja kuu ni kwamba picha tuli huzaa maelezo ya hali timilifu, ilhali kumtazama kiumbe akiwa hai hudai maelezo ya mfuatano. Makala yanaonyesha kwamba viambishi vya njeo na minyambuliko ya vitenzi vya Kiswahili vinaimudu kazi hiyo, mradi istilahi zitokane na tendo lililoonekana, na si tafsiri ya majina ya kale yaliyokosea.

1. Utangulizi

Mvua za vuli zinapoanza Sultan Hamud, katika Kaunti ya Makueni, harufu ya udongo hutangulia kumfikia mtu kabla hajalowa. Abiria wa barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa huinusa, na mkulima ambaye amekwisha kulitayarisha shamba lake huipokea kama habari njema. Wengi huiita harufu ya mvua. Kwa kweli mvua haina harufu hiyo. Sehemu yake kubwa hutokana na kemikali iitwayo jiosimini, iliyopewa jina hilo mwaka 1965 na watafiti Gerber na Lechevalier wa Marekani. Miongoni mwa watengenezaji wake wakuu ni bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba jiosimini huwavuta kolembola, yaani vijidudu vya udongo vyenye miguu sita, ambavyo hula bakteria hao na kusambaza spora zao.

Mji wa Sultan Hamud wenyewe unabeba jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala tangu mwaka 1896 hadi 1902, zama ambazo reli ya Uganda ilijengwa kupita Ukambani. Jina hilo halisemi lolote kuhusu udongo, mvua wala watu wa mahali hapo, na hakuna adhuru inayotokea kwa sababu hiyo, kwani jina la mji halidaiwi kueleza mji. Istilahi ya kisayansi haina ruhusa hiyo. Istilahi ikikosea, msomaji hukosea pamoja nayo. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, mwanafunzi anayeinusa harufu ile anaweza kuelezwa kwa Kiswahili kile kinachotendeka ndani ya udongo, hatua kwa hatua, bila kupotoshwa na maneno yenyewe?

2. Jina lililotangulia maarifa

Bakteria wengi hufahamika kama chembe moja moja, za mviringo au mfano wa vijiti. Streptomyces hawako hivyo. Hukua wakawa nyuzi ndefu zenye matawi, nazo nyuzi hizo hufumana zikawa utando. Waliowaona viumbe wa aina hii katika karne ya 19 waliona wanafanana na kuvu, na majina yakafuata mfanano huo. Mwaka 1877 mtaalamu Harz aliunda jina Actinomyces kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mwale" na "kuvu". Mwaka 1943 Waksman na Henrici waliunda jina Streptomyces, ambalo kwa asili yake humaanisha "kuvu iliyopindika". Sehemu ya mwisho ya majina yote mawili husema "kuvu", lakini wenye majina hayo si kuvu. Chembe zao hazina kiini kilichozungukwa na utando kama cha kuvu, kuta zao zimejengwa kwa kemia ya bakteria, na unene wa uzi wao kwa kawaida ni takriban maikromita moja au pungufu, ambao ni mwembamba kuliko nyuzi nyingi za kuvu.

Mfasiri anayefuata asili ya jina, akaandika "kuvu-pindo" au "kuvu-mwale", atakuwa mwaminifu kwa Kigiriki na si kwa kiumbe. Katika Ukambani kosa hilo si dogo. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, yalisababisha maafa katika Makueni, Kitui na maeneo jirani. Wagonjwa 317 waliorodheshwa na watu 125 wakafa. Sumu ile hutengenezwa na kuvu halisi, Aspergillus flavus, na kupika mahindi hakuiondoi ipasavyo. Tangu hapo neno "kuvu" limekuwa neno la tahadhari: mtu husikia kwamba mahindi yakaushwe vyema na yahifadhiwe pakavu ili kuvu isiyapate. Neno lenye uzito huo halifai kutandazwa juu ya viumbe wengine kwa sababu tu nao wana nyuzi.

Kwa upande wa pili, Streptomyces ni chanzo cha dawa. Mwaka 1943, katika maabara ya Waksman nchini Marekani, Albert Schatz alipata streptomisini kutokana na Streptomyces griseus, nayo ikawa dawa ya kwanza ya aina hiyo kufaa dhidi ya kifua kikuu. Miaka ya 1970 hospitali za Afrika Mashariki zilishiriki majaribio makubwa yaliyopima tiba fupi ya kifua kikuu, na streptomisini ilikuwa mojawapo ya dawa zilizotumika. Matokeo ya mwaka 1972 yalionyesha kwamba tiba ya miezi sita yenye mseto ufaao ingeweza kukaribia mafanikio ya tiba ya miezi 18. Tofauti ya bakteria na kuvu, kwa hiyo, ni tofauti inayogusa afya ya watu: kwa kawaida kiuavijasumu kinachoua bakteria hakiui kuvu, na anayechanganya majina huweza kuchanganya na dawa.

3. Picha tuli na kiumbe akiwa hai

Kwa muda mrefu wataalamu waliwachunguza viumbe hawa kwa kuwakausha, kuwatia rangi na kuwaweka chini ya hadubini. Njia hiyo huonyesha umbo waziwazi, lakini humfisha anayetazamwa. Mtafiti aliyetaka kujua hatua za ukuaji alichukua sampuli nyingi kwa saa tofauti, kisha akazipanga na kukisia yaliyotokea baina ya picha moja na nyingine.

Utazamaji wa kiumbe akiwa hai hufuata njia tofauti. Spora chache huingizwa katika chumba kidogo mno chenye sakafu ya kioo chembamba. Kimo cha chumba ni kifupi kiasi kwamba spora hubanwa palepale zisichukuliwe na mkondo. Kioevu chenye chakula hupitishwa polepole, joto hudhibitiwa, na kamera iliyounganishwa na hadubini hupiga picha kila baada ya dakika kadhaa kwa saa nyingi. Picha zikipangwa kwa mfululizo, kiumbe yuleyule huonekana akikua.

Hatua ya pili ilikuwa kuzifanya protini ndani ya chembe zionekane. Katika samaki-jeli aitwaye Aequorea victoria kuna protini inayotoa mwanga wa kijani. Jeni ya protini hiyo huweza kuunganishwa na jeni ya protini nyingine, hata ile ya pili ikaonekana mahali ilipo ndani ya chembe hai. Kazi hiyo iliwapa Shimomura, Chalfie na Tsien Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Mwaka huohuo kikundi cha Paul Herron huko Glasgow, Uskoti, kilichapisha utazamaji wa mfululizo wa Streptomyces coelicolor akikua na kutengeneza spora. Mwaka 2016 Susan Schlimpert, Klas Flärdh na Mark Buttner walieleza njia ya kuutazama mzunguko mzima wa maisha ya Streptomyces venezuelae. Aina hiyo ilichaguliwa kwa sababu hutengeneza spora hata ndani ya kioevu, ilhali nyingine nyingi huhitaji kuinua nyuzi zao hewani kwanza.

Njia hii ina mipaka yake. Mwanga mkali unaotumiwa kuzifanya protini zing'ae huweza kumdhuru kiumbe, hivyo mtafiti hulazimika kutumia mwanga kidogo na kuacha nafasi kati ya picha. Aidha, chumba cha kioo si udongo. Kinachoonekana humo ni uwezo wa kiumbe katika hali zilizopangwa, na haifai kukisimulia kana kwamba kimeonekana chini ya mbaazi shambani Sultan Hamud.

4. Njeo kama chombo cha uchunguzi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi yake. Picha tuli, ikielezwa kwa Kiswahili, huelekea kudai kiambishi -me-: uzi umerefuka, tawi limechipuka, ukuta umejengwa. Kiambishi hicho huonyesha tendo lililotimia ambalo matokeo yake yapo. Hakisemi lilivyotimia. Utazamaji wa mfululizo hudai -ki- ya matendo yanayoendelea kwa pamoja na -ka- ya matendo yanayofuatana: uzi ulikuwa ukirefuka, tawi likachipuka, ukuta ukajengwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba tofauti hii si ya mapambo. Wakati wa kutengeneza spora, uzi wa Streptomyces hugawanywa kwa kuta nyingi zinazojengwa karibu wakati mmoja. Kabla ya ukuta kujengwa, protini iitwayo FtsZ hujikusanya kuwa pete mahali ukuta utakapokuwa. Pete nyingi zikijipanga katika uzi mmoja, picha huonekana kama ngazi. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchunguzi wa bakteria waliokosa protini mbili za jamii ya dainamini. Katika bakteria hao kuta nyingi zilikosekana, na spora zilitoka zikiwa na ukubwa usiolingana.

Mtu mwenye picha ya mwisho pekee angeweza kuandika: "Pete hazikuundwa, kwa hiyo kuta hazikujengwa." Sentensi hiyo ni fasaha, na ni ya uongo. Utazamaji wa mfululizo ulionyesha kwamba pete ziliundwa, zikakosa uthabiti, na baadhi zikavunjika kabla ya kuta kukamilika. Kazi ya dainamini hizo, basi, ni kuzishikilia pete zisivunjike. Kati ya "hazikuundwa" na "ziliundwa zikavunjika" pana tofauti ya kisarufi ya silabi chache na tofauti ya kisayansi iliyo kubwa mno. Kiambishi -ka- kimebeba ugunduzi wenyewe.

Kiambishi cha nne kinachostahili kutajwa ni hu-, cha mazoea. Sayansi hupenda kusema kwa hu-: uzi hurefuka kwenye ncha. Hata hivyo, hakuna anayeona hu- katika hadubini. Anachokiona ni uzi mmoja uliorefuka, kisha mwingine, kisha mwingine. Safari ya kutoka -li- na -ka- hadi hu- ni safari ya kutoka tukio hadi kanuni, na hupitia marudio mengi ya jaribio. Mwandishi wa sayansi kwa Kiswahili anayeanza na hu- kabla ya ushahidi kutosha ametoa hukumu mapema. Kwa hiyo kanuni ya uandishi inayopendekezwa hapa ni nyepesi: kilichoonekana kisimuliwe kwa -li- na -ka-, kilichothibitishwa kwa marudio kielezwe kwa hu-, na mawili hayo yasichanganywe katika aya moja bila sababu.

5. Mzunguko wa maisha kwa masimulizi

Kwa kufuata kanuni hiyo, mfululizo mmoja wa picha za Streptomyces venezuelae waweza kusimuliwa hivi:

Spora ilikuwa imelala. Chakula kilipoifikia ikavimba, kisha ikachipua uzi upande mmoja. Uzi ukarefuka kwenye ncha yake, na sehemu ya nyuma ikabaki ilivyokuwa. Baadaye, ubavuni mwa uzi pakatokea kituo kipya cha protini iitwayo DivIVA, na papo hapo tawi likachomoza. Matawi yakazaa matawi. Kuta chache zikajengwa huku na huko, lakini sehemu za uzi hazikutengana. Kisha kioevu kilichokwisha kutumiwa kikapitishwa mahali pa chakula kipya. Urefukaji ukakoma. Pete za FtsZ zikajipanga kama ngazi, kuta zikajengwa, na uzi uliokuwa mmoja ukawa mnyororo wa spora, ambazo hatimaye zikaachana.

Msomaji wa fasihi atatambua muundo ulio wazi: utulivu, msukumo, ukuaji, uhaba, mgogoro na mgawanyiko unaorudisha mwanzo. Hata hivyo, ni muhimu kutahadhari. Msimulizi hapaswi kuandika kwamba uzi "uliogopa njaa" au "uliamua" kugawanyika. Nia ni ya wahusika wa hadithi. Katika masimulizi ya sayansi, mahali pa nia hushikwa na sababu inayoweza kupimwa, ambayo hapa ni kubadilika kwa chakula.

6. Istilahi zitokane na tendo

Kiswahili kina historia ndefu ya kuunda istilahi. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Wataalamu wa istilahi nao wamependekeza vigezo kama usahihi, ufupi, uangavu, uzalishaji na kukubalika kwa watumiaji. Makala haya yanaongeza pendekezo moja: pale ambapo kiumbe ametazamwa akiwa hai, istilahi ipimwe kwanza kwa kitenzi. Maneno machache yanafaa kujadiliwa.

(a) Hadubini hai. Tafsiri hii ya haraka humfanya msomaji adhani kwamba hadubini ndiyo yenye uhai. Kivumishi kimeshika nomino isiyo yake. Yafaa kusema "utazamaji wa viumbe wakiwa hai" au, pale inapotakiwa istilahi fupi, "utazamaji-hai".

(b) Uzi. Neno hili ni sahihi na lina faida ya ngeli. Uzi mmoja una wingi wa nyuzi, na katika kiumbe huyu mpaka wa umoja na wingi ni suala la kibiolojia pia, kwa maana uzi mmoja hubeba nakala nyingi za jenomu kabla ya kugawanyika.

(c) Mzizi. Neno hili huvutia kwa sababu nyuzi huingia katika chakula kama mizizi udongoni. Hata hivyo, mzizi ni kiungo cha mmea na huhudumia shina. Uzi wa bakteria ndio mwili wenyewe. Istilahi hii iachwe.

(d) Mbegu. Nalo linavutia, lakini mbegu ya mmea hubeba kiinitete, na kwa kawaida hutokana na utungisho. Spora ya Streptomyces hutokana na kugawanyika kwa uzi. Neno "spora", ambalo limekwisha kuzoeleka, linafaa kubaki.

(e) Kugawanyika, kugawanywa, kujigawa. Vitenzi hivi vitatu si visawe. "Uzi umegawanyika" hueleza hali bila kumtaja mtendaji. "Uzi umegawanywa na kuta" hutaja kilichogawa. "Uzi umejigawa" huupa uzi utendaji wote. Mwandishi achague kwa kadiri ya ushahidi alio nao, na si kwa mazoea ya ulimi.

(f) Bakteria. Waandishi hutofautiana: baadhi hutumia upatanisho wa I-ZI, wengine A-WA. Makala haya yamefuata A-WA, kwa kuwa anayezungumziwa ni kiumbe hai anayekula, kukua na kuzaliana mbele ya macho ya mtazamaji.

7. Udongo wa Kenya na lugha ya ugunduzi

Yawezekana kudai kwamba mjadala huu ni wa anasa, kwa kuwa Biolojia katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza na utafiti mwingi uliotajwa umefanyika Ulaya na Marekani. Mfano wa Ruiru unalijibu dai hilo. Katika udongo uliochukuliwa karibu na Ruiru, kaskazini mwa Nairobi, alipatikana bakteria-uzi wa jamii ya Actinoplanes, aliyepewa alama SE50. Kutokana na aina hiyo kampuni ya Bayer ilitengeneza akabosi, dawa ya kisukari iliyouzwa kwa jina la Glucobay, ambayo huchelewesha kumeng'enywa kwa wanga tumboni. Mwaka 2006 suala la nani anufaike na rasilimali kama hiyo lilijadiliwa hadharani, na mwaka huohuo Kenya ilitunga kanuni za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na ugawanaji wa manufaa. Mkataba wa ziada wa Nagoya kuhusu jambo hilo ulipitishwa mwaka 2010 na ukaanza kutumika mwaka 2014.

Sheria hizo hutaka ridhaa itolewe kwa kufahamu. Ridhaa ya namna hiyo huhitaji lugha. Mkulima wa Makueni akiombwa udongo wa shamba lake, anastahili kuelezwa kwa maneno anayoyaelewa ni kiumbe gani anayetafutwa, anaishije na huweza kutoa nini. Akiambiwa kwamba inatafutwa "kuvu", atakumbuka mahindi ya mwaka 2004 na huenda akafurahi kwamba inaondolewa. Akielezwa kwamba ni bakteria anayerefuka kama uzi, mwenye kuutia udongo harufu ile ya mvua ya kwanza, na ambaye jamaa zake wametoa dawa za kifua kikuu na kisukari, ataweza kuuliza maswali yake kama mwenye mali.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, jina linalotokana na mfanano wa picha laweza kupotosha, kama ilivyotokea kwa bakteria walioitwa kuvu. Pili, utazamaji wa kiumbe akiwa hai umebadili aina ya maelezo yanayohitajika, kutoka hali timilifu hadi mfuatano wa matendo, na Kiswahili kina viambishi vinavyobainisha tofauti hiyo kwa uangalifu mkubwa. Tatu, istilahi sahihi ni sehemu ya haki ya mwenye udongo.

Kinachosalia ni kazi ya pamoja. Wanafunzi wa Kiswahili wanahitaji kuketi na wenzao wa Biolojia mbele ya mfululizo wa picha kabla ya kuunda neno lolote, na wanabiolojia wanahitaji kusomewa sentensi zao kwa Kiswahili wasikie kama -me- imewekwa mahali pa -ka-. Mvua za vuli zitakaporejea Sultan Hamud, uzi utaanza tena kurefuka chini ya ardhi ile nyekundu. Ni vyema ukute maneno yake yamekwisha kutayarishwa.